Neno "Maji" katika Taya la Bibi Ndekirwa

Bibi Ndekirwa Kaaya alifika kwenye kituo changu cha meno na tarumbeta lake, akalilaza juu ya meza yangu katikati ya glavu na pamba kana kwamba lenyewe ndilo mgonjwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu sikiliza hii."

Akalinyanyua, akabana midomo, akapuliza. Zilitoka sauti za kwanza za wimbo wa mazishi ambao kila mtu wa Songwari anaujua, kisha pumzi ikavuja upande wa kushoto wa mdomo na wimbo ukaishia kwenye mluzi wa aibu. Ndosi, fundi wetu wa picha za eksirei, aligeukia ukutani ili asionekane akicheka. Bibi alikwisha kumwona.

"Cheka tu, Ndosi. Siku yako ikifika nitakupulizia hivi hivi, watu wakuzike wanacheka."

Tulicheka wote watatu. Mimi, Sifaeli Mafie, ndimi daktari wa meno wa Songwari, huku upande wa kaskazini wa Mlima Meru, na kusema kweli wagonjwa wa aina ya Bibi Ndekirwa ndio hunifanya niipende kazi. Alikuwa amevuka sabini, mgongo umenyooka, na asubuhi hiyo hiyo alikuwa ameshashusha kreti za nyanya kutoka shambani kabla ya kuja kwangu. Hakuna aliyelishangaa jambo hilo. Vijana wetu wako mabondeni kwenye miji ya viwanda, na mlima umebaki mikononi mwa wazee: wao wanalima, wao wanabeba, wao wanapiga matarumbeta usharikani. Watoto wa siku hizi hawajui kwamba zamani bibi akiteleza bafuni, familia ilianza kujiandaa kwa msiba.

Sababu ya yote hayo ni Nguzo. Ni punje ndogo kuliko ya mchele, inayopandikizwa chini ya ngozi ya mkono mtu anapofika hamsini, nayo hutoa dawa ya mifupa kidogo kidogo, mchana na usiku. Ikiwa inafanya kazi, kitaa chake cha kijani huonekana kwa mbali kupitia ngozi. Maharusi hupigwa picha na bibi zao wakiwa wamekunja mikono ya nguo ili vitaa vionekane.

"Tatizo ni nini hasa, bibi? Mdomo unauma?"

"Ungeuma ningefurahi. Mdomo huu wa chini, upande huu, si wangu. Nikiuweka kwenye chuma naona kama nimeuazima kwa jirani."

Nilimwambia Ndosi ampige picha ya taya zima. Bibi alisimama ndani ya mashine, akauma kile kijiti cha plastiki, na mkono wa mashine ukaanza kumzunguka kichwa ukinguruma.

"Usitikisike, bibi. Na usiongee."

Bibi akamwonyesha ngumi.

Picha ikafunguka ukutani, pana kama pazia, meno yake machache yamejipanga kwenye upinde wa mfupa mweupe. Kabla sijasogea, Msomaji akazungumza. Msomaji ni akili ya mashine inayosoma picha zote za kanda yetu. Ana sauti ya upole ya mwanamke wa makamo, na tumemzoea mpaka Ndosi humwamkia asubuhi.

"Mfupa mweupe kupita kawaida," alisema Msomaji. "Maji."

"Maji," akaitikia Ndosi papo hapo, kama mtu anayeitikia amina.

Hapa lazima nieleze, maana mgeni hawezi kujua neno hilo linavyotumika kwetu. Maji ya mlima huu yanapita kwenye majivu ya volkano na yamejaa madini ya floraidi. Ndiyo maana meno yetu ni ya kahawia, yangu yakiwemo, na popote tuendapo mtu akitabasamu tu anajulikana kwao ni wapi. Madini hayo hayaishii kwenye meno. Yanaingia mifupani, na mfupa uliojaa madini huzuia mionzi, hivyo kwenye picha unatoka mweupe. Madaktari wa kwanza waliotoka mbali walishtuka wakidhani ni ugonjwa, wenyeji wakawaambia hayo ni maji tu. Neno likafupishwa, likawa la kazini: ukiona picha nyeupe unasema "maji", unamwita mgonjwa anayefuata.

Nami nilikuwa nimeshashika kitasa kumwita anayefuata. Kilichonirudisha ni pamba. Nilitaka tu kumridhisha bibi, basi nikamwambia afumbe macho, aseme "ndiyo" kila nikimgusa mdomo. Nikagusa kulia. "Ndiyo." Nikagusa katikati. "Ndiyo." Nikahamia kushoto, nikagusa, nikasubiri, nikabonyeza, halafu nikachukua ncha ya chuma nikachoma kidogo.

"Mbona huanzi?" akauliza bibi.

Niliufunga mlango, nikarudi kwenye picha na kuitazama kama mtu aliyeiona kwa mara ya kwanza. Kushoto, chini, palikuwa na shimo la gego nililomng'oa mwenyewe msimu wa vitunguu uliopita. Kwa juu ufizi ulikuwa umefunga vizuri kabisa. Ndani ya mfupa, shimo lilikuwapo bado, kingo zake kali, lina umbo la mizizi ya jino ambalo halipo tena, utadhani nimeling'oa jana. Mfupa ulio hai hulijaza shimo kama hilo kwa miezi michache. Tena maji huupaka weupe mfupa wote sawasawa, lakini hapa weupe ulikuwa umejikusanya kuzunguka mizizi ya meno na kuubana ule mfereji mwembamba ambamo mshipa wa fahamu wa mdomo hupita.

"Ni nini, mwanangu?"

"Sijui bado, bibi. Nipe mpaka kesho."

"Kesho njoo wewe. Mimi nina vitunguu vya kung'oa."

*

Alipoondoka nilimwambia Ndosi tufungue picha za wazee wengine, zile tu za watu waliowahi kung'olewa jino. Tulikaa bega kwa bega mbele ya ukuta. Picha ya kwanza ilikuwa na shimo. Ya pili haikuwa nalo, nikapumua. Ya tatu ilikuwa nalo, na iliyofuata, na iliyofuata.

Mfupa si jiwe. Ndani yake mna mafundi wa aina mbili wasiolala: wanaobomoa mfupa uliochakaa na wanaojenga mpya mahali pake. Uzeeni wabomoaji huwashinda wajenzi, na ndipo mfupa unakuwa mwepesi na kukatika. Nguzo inawalaza wabomoaji. Kwa mguu na mgongo hiyo ni neema tupu. Taya lakini halifanani na mguu. Taya linatafuna, linapigwa na kukwaruzwa kila siku, na linahitaji kujengwa upya mara nyingi kuliko mfupa mwingine wowote. Ukiwalaza wabomoaji miaka mingi, mfupa mkongwe unarundikana juu ya mkongwe, mishipa ya damu inabanwa, na taya linaanza kufa likiwa bado limebeba meno.

Jambo hilo lilijulikana. Katika kanda nyingine zote Msomaji angepiga kelele kwa picha kama hizi. Lakini Msomaji wa kwetu hakufundishwa kwa vitabu peke yake. Alipoletwa aliwekwa asikilize, picha kwa picha, madaktari na mafundi wa hapa wanasema nini. Alitusikia tukisema maji. Akajifunza kutulia kama sisi.

Ndosi alisimamisha picha moja, akaiacha hapo muda mrefu.

"Hii ya mama," alisema.

Nilitazama. Shimo lilikuwapo.

"Nilimpiga mwenyewe, daktari. Nikamwambia mwenyewe kwamba ni maji."

Nilimwekea mkono begani, naye akazima ukuta.

Nilimpigia Daktari Mnzava, mkuu wa mpango wa Nguzo katika kanda. Ni Mpare mmoja mpole, mwenye tabia ya kuvua miwani anaposikiliza. Uso wake ulipotokea nilimwamkia, nikamtumia picha ya Bibi Ndekirwa na ya mama yake Ndosi. Akavua miwani.

"Umeshatamka?" aliuliza.

"Bado."

Akashusha pumzi. Wote wawili tulijua anauliza nini. Miaka ya nyuma, kabla sijazaliwa, palikuwa na dawa iliyoendelea kuwaumiza watu huku wakubwa wakijadiliana mezani. Watu walikasirika mpaka ikatungwa sheria: daktari yeyote wa kituo akitamka mbele ya Msomaji kwamba dawa ndiyo iliyomdhuru mgonjwa wake, dawa hiyo inazimwa kwa mbali, kanda nzima, papo hapo, na hakuna mkubwa wa kuzuia. Chuoni tuliipigia makofi sheria hiyo. Bado naamini ni nzuri.

"Sifaeli," alisema Mnzava, "wale wabomoaji wamelala miaka. Ukizima ghafla wanaamka wote pamoja, na wana njaa. Pingili za mgongo ndizo za kwanza kuliwa. Mtu anainama kuokota ndoo, anasikia kitu kimesema ta, hainuki tena."

"Si kuna dawa ya kuwatuliza?"

"Ipo. Tuliyo nayo haitoshi hata tarafa moja. Ukitamka, italetwa kwa dharura, na dharura yenyewe ni wiki kadhaa. Ukinyamaza, nitaikusanya polepole, tumshushe kila mtu taratibu bila mgongo hata mmoja kuvunjika. Nipe miezi. Labda mwaka."

"Na Bibi Ndekirwa?"

Alivaa miwani, akaivua tena.

"Bila neno lako hospitali haiwezi kumpokea kwa matibabu ya taya. Msomaji ameandika maji, na maji hayana matibabu."

"Kwa mwaka mmoja taya lake litakuwa limekwisha, daktari. Na si lake tu."

"Najua. Mama yangu alikufa kwa nyonga. Alilala kitandani mpaka mgongo ukatoka vidonda, akawa ananiomba nimgeuze, na kila nikimgeuza analia. Unanielewa kwa nini nakuomba?"

Nilimwelewa, na hilo ndilo lililoniuma. Mtu mbaya ningemkatalia bila shida.

*

Bibi Ndekirwa alikuwa shambani kwake, ameinama kwenye tuta, vitunguu vinatoka ardhini mkononi mwake bila hata kuvitazama. Nilikunja sketi nikaanza kung'oa naye. Nilimweleza yote, kuanzia shimo la gego hadi wabomoaji wenye njaa. Hakunikatiza hata mara moja, jambo lisilo la kawaida kwake.

"Kwa hiyo ukisema dawa, nani anavunjika?" aliuliza mwishoni.

"Sijui. Wengine. Huenda na wewe."

"Ukisema maji?"

"Utaendelea kutembea. Taya litaendelea kufa. Ufizi utafunguka, mfupa utachungulia nje, usaha utaanza. Mwisho wake linaweza kukatika ukitafuna ugali."

"Ugali!" Alinyooka, akashika kiuno. "Si afadhali hata makande, mtu ajue amekufa kwa kazi."

Alicheka, na ule upande wa kushoto wa mdomo haukucheka naye. Alijua nimeuona. Akaupangusa kwa kiganja, maana mate yalikuwa yametoka bila yeye kujua.

"Mimi nimewapulizia wangapi kule makaburini, Sifaeli? Babu yako nilimpulizia. Tunapanda mlima na jeneza, bendi mbele, hatusimami. Miguu hii na mdomo huu vimefanya kazi pamoja maisha yangu yote, na leo unanijia na habari ya kuchagua kimoja."

"Pole, bibi."

"Pole ya nini, hukuniroga." Alirudi kwenye tuta. "Basi sema maji. Watu wasivunjwe migongo kwa ajili ya tarumbeta."

Nilihisi nafuu. Nafuu kubwa, ya mtu aliyetuliwa mzigo, na mara moja nikaona haya kwa sababu yake. Mgonjwa wangu ameridhia. Mnzava atapata miezi yake. Hakuna atakayenilaumu, nami ningeweza kurudi kituoni nikanywa chai.

"Niko peke yangu?" bibi aliuliza, mkono ungali kwenye udongo.

"Hapana."

"Nani na nani?"

"Mama yake Ndosi. Mzee Nanyaro. Wengine wengi, na sijamaliza kuwaangalia."

"Nao umewaambia?"

"Bado."

Alikung'uta mikono, akanikazia macho kwa muda mrefu. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama bibi anavyomtazama mjukuu aliyeshika kisu vibaya.

"Taya langu nimeshakupa ruhusa," alisema. "La Nanyaro si langu, siwezi kulitoa. Wala si lako, mwanangu."

*

Jumapili, baada ya ibada, usharika mzima ulisimama nje kwenye mnada wa sadaka kama ilivyo desturi. Mzee wa kanisa alikuwa ameinua jogoo juu akimsifia mapaja, Bibi Ndekirwa akamwomba amshushe kwanza jogoo. Akapanda ngazi ya kanisa, akanivuta mkono nisimame pembeni yake. Alisema kwa ufupi. Mimi nikasema kwa urefu, nikajikwaa mara kadhaa, na nilipotaja neno "maji" nikaona watu wanatazamana, kisha wanajishika mashavu.

Mzee Nanyaro ndiye wa kwanza kunyanyua mkono. Ana zaidi ya themanini na bado anapandisha magunia ya mbolea mpaka msituni.

"Mimi sipigi tarumbeta," alisema. "Nina meno mawili, na hayo mawili yenyewe hayasalimiani." Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Nataka miguu yangu. Nani amekupa haki ya kunizimia, daktari?"

"Hakuna aliyenipa, baba."

"Basi nyamaza."

"Nikinyamaza nitakuwa nimewachagulia wengine. Nimejaribu kuona mahali pa kusimama ambapo simchagulii mtu. Sipaoni."

Hapo mama yake Ndosi akasogea mbele. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo, na watu walilazimika kunyamaza ili wamsikie. "Mimi nilipigwa picha na mwanangu," alisema. "Akaniambia maji, nikaenda zangu nyumbani nikakoroga uji. Ningependa ningeambiwa. Hata kama ningejibu niacheni hivi hivi, ningependa ningeambiwa." Ndosi alikuwa nyuma ya umati, ameinamisha kichwa.

Maneno yakawa mengi. Mmoja alisema bora mgongo kuliko kuoza kinywa, mwingine akasema hajui kukaa bila kazi, hajawahi kufundishwa. Yupo aliyeuliza kama punje inaweza kuwashwa tena kwa siri, nikamjibu hapana. Ndipo Bibi Ndekirwa akapiga makofi mara moja, kama anavyofanya bendi ikipotea njia.

"Daktari anasema ni wiki kadhaa mpaka hiyo dawa nyingine ije. Mgongo hauvunjiki wenyewe. Unavunjika ukiinama, ukibeba, ukiruka mfereji. Basi rika letu likae chini. Hakuna kubeba, hakuna kuinama, hakuna kushuka mteremko peke yako. Rika la watoto wetu waitwe wapande."

"Wana kazi huko viwandani," mtu akasema.

"Na sisi tulikuwa na kazi tulipowabeba."

"Vitunguu vitaoza."

"Vioze."

Kwetu neno la rika lina uzito, lakini halimfungi mtu kamba. Wengi waliinua mikono, vitaa vya kijani vikionekana hafifu kwenye jua. Wengine hawakuinua. Mzee Nanyaro alinijia mpaka karibu, akaniambia kwa sauti ya chini, bila matusi: "Nikivunjika, nitamwambia kila anayekuja kuniona jina lako." Akaondoka akipanda mlima kwa hatua ndefu, na nilimtazama mpaka alipopotea kwenye migomba. Nilikuwa na haki ya kuogopa, maana alikuwa na haki ya kusema. Watu waliniambia usharika umekubali, nisijitese. Mimi najua haukuwa usharika ambao ungefungua kinywa mbele ya Msomaji.

*

Tulisubiri mpaka vijana wa kwanza walipopanda na onyo la kukaa chini likawa limefika sharika zote za kanda. Walikuja na mabegi yao ya mjini, viatu vyeupe, wanauliza jembe liko wapi, na bibi zao wakawa wanawacheka kutoka kwenye viti. Asubuhi ya siku yenyewe wazee walijaa uwanja wa kituo. Sikuwa nimewaita. Walileta mikeka, mito, wengine makochi yamebebwa na wajukuu, wakasema kama vitaa vinazimwa wanataka vizimwe wakiwa pamoja. Nilimpigia Mnzava kumwambia. Akasema ameshapakia kiasi alichokuwa nacho kwenye gari na atakileta mwenyewe. "Waanze na wenye migongo mibovu zaidi," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia.

Bibi Ndekirwa alikaa kwenye kiti cha wagonjwa. Ndosi akafungua picha yake ukutani.

"Taya la Ndekirwa Kaaya," nilisema. "Dawa."

"Samahani," alisema Msomaji kwa ule upole wake. "Umesema maji?"

"Hapana. Nimesema dawa."

"Picha hii inafanana na picha nyingi mlizoziita maji. Nirekebishe niandike maji?"

"Mungu wangu," alinong'ona Ndosi. "Tumemlea sisi huyu."

Nilikuwa na nafasi, na sitasema uongo kwamba sikuiona. Neno moja la ndiyo, tena la kuulizwa kwa adabu, na kila kitu kingebaki kama kilivyokuwa: nyanya zinashuka, matarumbeta yanapanda, Mzee Nanyaro na magunia yake. Bibi Ndekirwa alinitazama tu, na mate yakamshuka tena upande wa kushoto, na safari hii hakuyapangusa.

"Usirekebishe," nilisema. "Shimo la gego halijajaa. Mfereji umebanwa. Mdomo umekufa ganzi. Ni dawa. Dawa. Na picha zote za Songwari ulizoandika maji, zifunguliwe upya."

Msomaji alichukua muda. Sijui kama mashine inaweza kusita, ila ilikuwa hivyo.

"Nimesikia," alisema. "Dawa."

Kwenye mkono wa bibi, chini ya ngozi, kitaa kilizimika. Hakikutoa sauti wala hakikuwaka mara ya mwisho. Kilikuwapo, kisha hakikuwapo. Kupitia dirishani niliwaona wazee uwanjani wanakunja mikono ya nguo, wanatazama, wanaonyeshana. Mwanamke mmoja alifunika mahali pale kwa kiganja kama mtu anayezuia upepo.

Bibi alishusha mguu mmoja kutoka kwenye kiti, akaishia hapo, mguu mwingine ungali juu. Umbali wa kufika sakafuni ulikuwa mdogo mno, na nilimwona anaupima.

"Haya," alisema. "Nishike. Taratibu."

Nilimshika. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, mzito wa mtu aliyezoea kujibeba mwenyewe, na aliponiegemea nilitamani kumwomba msamaha tena, lakini alikuwa ameshaukataa. Tulitoka mlangoni hatua kwa hatua. Nje wazee walikuwa wanakaa. Walikaa vibaya, kwa woga, wajukuu wamewashika makwapa, wanacheka na kulaumiana, na mama yake Ndosi alikuwa anamfundisha jirani yake namna ya kutanguliza mkono.

Mzee Nanyaro alikuwa amesimama peke yake getini. Sikujua amefika saa ngapi. Hakuwa na mjukuu, wala mkeka. Alikuwa amekunja mkono wa shati mpaka begani, anatazama mahali ambapo palikuwa na kitaa, na mbele yake kulikuwa na mfereji wa maji ya mvua ambao siku zote huuruka bila kufikiri.

"Mimi nimefika," alisema Bibi Ndekirwa, akajishusha kwenye kochi la mtu. "Nenda kamshike na yule."

Nilivuka uwanja. Nilipofika kwake nikamwamkia, na hakuitika. Nikanyoosha mkono. Alitazama mfereji, akatazama juu mlimani, akageuza uso ili asinione. Lakini mkono alinipa.